Laisini ya Dukani kwa Kuku wa Nyama: Tathmini ya Mfugaji Anayetegemea Mashudu ya Alizeti

Kwa makundi mawili ya kuku wa nyama niliyofuga hapa Singida, nimekuwa nikichanganya katika chakula chao unga wa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo protini hujengwa kwazo, unaouzwa kwenye maduka ya dawa na pembejeo za mifugo, na sasa nina ya kutosha kuyasema juu yake. Bidhaa yenyewe ni laisini haidrokloridi ya daraja la chakula cha mifugo, ambayo hutoka kiwandani katika mifuko ya kilo 25, kisha wenye maduka huipima katika vifuko vya kilo 1 kwa ajili yetu sisi wafugaji wadogo. Nililipa shilingi 12,000 kwa kilo. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa malalamiko yangu yanahusu ufungashaji wao na ushauri walionipa. Unga wenyewe nauona mzuri na, kwa mfugaji anayetegemea mashudu ya alizeti, ni karibu wa lazima.

Alizeti ndiyo zao letu. Mashine za kukamua mafuta ziko kila upande, na mashudu hupatikana kwa bei ambayo soya haiikaribii. Kwa kipimo cha protini ghafi mashudu hayo yanaonekana kuwa chakula kizuri, lakini protini ghafi ni kiasi cha naitrojeni kilichozidishwa kwa 6.25 tu, na namba hiyo haimwambii mtu naitrojeni imekaa katika asidi amino zipi. Manyoya ya kuku yaliyosagwa yana protini ghafi inayozidi asilimia 80, na hata hivyo hayawezi kumkuza kuku yakiwa ndiyo protini yake pekee, kwa sababu protini ya manyoya ina laisini kidogo mno. Mashudu ya alizeti hayako katika hali mbaya kiasi hicho. Yana methionini nzuri, ambayo ni asidi amino nyingine, tena kwa uwiano wa protini yanaishinda soya. Tatizo ni kwamba laisini yake ni takriban gramu 3.5 tu katika kila gramu 100 za protini, ilhali soya ina zaidi ya gramu 6. Mahindi hayaokoi jahazi, maana zeini, ambayo ndiyo protini kuu ya punje, karibu haina laisini kabisa. Kwa hiyo anayechanganya mahindi na mashudu ya alizeti amekusanya vyakula viwili vyenye upungufu wa aina moja, tofauti na bibi zetu waliopika makande, ambamo maharage huleta laisini na mahindi huleta methionini, kila kimoja kikiziba pengo la mwenzake.

Wafugaji wengi huniuliza inawezekanaje asidi amino moja kati ya 20 izuie ukuaji wa mwili mzima wakati nyingine zote zipo. Mimi huwajibu kwa mfano wa mtunga shanga aliyepewa mpangilio wa rangi ambao haruhusiwi kuubadilisha. Akifika mahali panapotakiwa ushanga mwekundu na kopo la nyekundu likawa tupu, hawezi kuweka wa bluu badala yake, hata kama za bluu zimejaa ndoo. Ribosomu, mtambo mdogo ndani ya seli unaounganisha asidi amino, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo: husoma nakala ya jeni herufi tatu tatu, na kila inapokuta AAA au AAG hudai laisini na si kitu kingine. Laisini ikikosekana, kazi hukwama, na zile asidi amino nyingine zilizokuwa zikisubiri zamu haziwekwi akiba. Mwili huzivunja, hutumia kaboni yake kama nishati, na naitrojeni yake ndege huitoa katika kinyesi kama asidi ya yuriki. Bakteria wa kwenye maranda huigeuza asidi hiyo kuwa amonia. Harufu kali inayomkaribisha mfugaji mlangoni asubuhi, kwa sehemu, ni protini aliyoinunua kwa fedha na ambayo kuku hawakuweza kuitumia.

Inafaa pia kujua laisini hufanya kazi gani ikishawekwa mahali pake, kwa sababu hapo ndipo mtu huelewa kwa nini mwili haukubali mbadala. Kila asidi amino ina mkia wake, na mkia wa laisini ni mnyoofu na mrefu, wa kaboni nne, ukiishia na kundi la amino ambalo katika hali ya kawaida ya mwili hubeba chaji chanya. Chaji hiyo hushika vitu vyenye chaji hasi. Histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushiwa kama uzi kwenye kigurudumu, zimejaa laisini kwa sababu DNA ina chaji hasi. Na seli inapotaka kulegeza DNA ili jeni fulani isomwe, huzifunika baadhi ya laisini hizo kwa kundi la asetili na kuiondoa chaji. Protini iliyochakaa nayo huwekewa alama ya kwenda kuvunjwa kwa kupachikwa protini ndogo iitwayo yubikwitini, na mahali inapopachikwa kwa kawaida ni penye laisini.

Kwa mfugaji, hata hivyo, kazi yenye uzito zaidi imo katika misuli na katika kano. Takriban asilimia 8 ya protini ya nyama ya kuku ni laisini, na hii ndiyo sababu kidari, ambacho kuku wa kisasa amechaguliwa vizazi kwa vizazi akikuze, ndicho kinachopungua mapema chakula kinapokosa laisini. Katika kolajeni, inayojenga kano, ngozi na kuta za mishipa ya damu, laisini ina kazi ambayo naistaajabia kila ninapoifikiria: kimeng'enya chenye madini ya shaba hubadilisha ncha za baadhi ya mikia ya laisini, kisha ncha hizo hujifunga na mikia ya nyuzi jirani, hadi nyuzi laini zilizolala sambamba zinakuwa kamba moja isiyochanika. Kuku wa nyama hubeba kilo mbili juu ya miguu ya wiki sita. Bila mafundo hayo asingeweza kusimama.

Kuku hawezi kujitengenezea laisini, kama mimi na wewe tusivyoweza. Asidi amino nyingi mwili huweza kuzipata kwa kuhamisha kundi la amino kutoka moja kwenda nyingine, kazi inayofanywa na vimeng'enya vinavyotumia vitamini B6, lakini laisini haitengenezwi kwa njia hiyo. Ajabu ni kwamba ndani ya vimeng'enya hivyo hivyo, vitamini B6 imeshikiliwa na mkia wa laisini.

Sasa niingie kwenye matumizi. Mchanganyiko wangu wa kilo 100 kwa kuku waliovuka wiki tatu una kilo 55 za mahindi, kilo 5 za pumba, kilo 20 za mashudu ya alizeti, kilo 12 za soya iliyokaangwa na kilo 5 za dagaa, na kilo 3 zilizobaki ni chokaa, mifupa iliyosagwa, chumvi na primiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) yenye methionini. Nikipiga hesabu kwa majedwali ya kawaida ya lishe ya mifugo, mahindi huleta takriban gramu 138 za laisini, pumba 20, alizeti 200, soya 276 na dagaa 200, jumla gramu 834, yaani asilimia 0.83 ya chakula. Kiwango cha chini kilichowekwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1994 kwa kuku wa nyama wa wiki ya tatu hadi ya sita ni asilimia 1.00, na miongozo ya kampuni zinazozalisha vifaranga wa kisasa hutaka zaidi ya hapo. Pengo langu lilikuwa basi gramu 166 za laisini halisi.

Hapa ndipo lebo inapohitajika, kwa maana gramu 166 za laisini si gramu 166 za unga. Laisini tupu hunyonya unyevu wa hewani upesi, kwa hiyo viwanda huiuza ikiwa imeungana na asidi ya haidrokloriki, na katika chumvi hiyo laisini ni kama asilimia 80 ya uzito. Unga wenye usafi wa asilimia 98.5, ambao ndio wa kawaida sokoni, una laisini asilimia 78.8. Ukigawa 166 kwa 0.788 unapata kama gramu 211, na hicho ndicho nilichopima kwa mizani ya jikoni ya dijitali. Nilizichanganya kwanza na kilo 2 za mahindi yaliyosagwa, kisha hizo kilo 2 nikazichanganya na 10, ndipo nikazimwaga katika mchanganyiko mkubwa, kwa kuwa gramu mia mbili zikitupwa moja kwa moja katika kilo mia hazienei sawasawa hata kwa koleo la mtu mwenye nguvu.

Kundi la kwanza lilikuwa na kuku 200. Wote walikula chakula kile kile cha kiwandani kwa wiki tatu, na siku ya 22 niliwagawa katika vyumba viwili vya kuku 100, chumba kimoja kikila mchanganyiko wangu ulivyo na kingine kikila mchanganyiko huo huo uliotiwa laisini. Siku ya 42 niliwapima 20 kutoka kila chumba, nikiwakamata bila kuchagua. Wasiopata laisini walikuwa na wastani wa kilo 1.72, na waliopata walikuwa na kilo 1.91. Kila chumba kilikula karibu kilo 300, kwa hiyo laisini iliyotumika ilikuwa gramu 633 hivi, gharama ya shilingi 76 kwa kila kuku. Ni jaribio moja la mfugaji mmoja, na sitaki msomaji alichukulie kuwa zaidi ya hapo. Lakini gramu 190 za uzito kwa shilingi 76 ni tofauti niliyoiona kwa macho kabla sijaifikia mizani, hasa kwenye kidari. Maranda ya chumba chenye laisini nayo yalikuwa na harufu nafuu, jambo ambalo sikulipima kwa chombo ila linalingana na nilichoeleza juu ya naitrojeni inayopotea.

Katika kundi la pili nilijaribu kutumia laisini ili kupunguza soya, nikaishusha hadi kilo 6 na kupandisha alizeti hadi 26, na kipimo cha laisini kikafika gramu 310 kwa kilo 100. Uzito wa mwisho haukuwa mbali na wa kundi la kwanza, isipokuwa kuku walikula zaidi kuufikia. Sababu siyo laisini. Mashudu yetu, yanayokamuliwa pamoja na maganda, yana nyuzinyuzi nyingi na nishati ndogo, na hakuna asidi amino inayoweza kuliondoa tatizo hilo. Nimerudi kwenye kilo 20, na ninamshauri yeyote anayefikiri kwamba unga huu utamwezesha kuachana na soya kabisa asijaribu.

Kabla ya kununua laisini, mfugaji ajiulize pia kama hajaiunguza ile aliyo nayo tayari. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha tumboni kinachokata protini mara tu baada ya laisini au arginini, asidi amino nyingine, na ndiyo maana tunaikaanga. Lakini ikikaangwa hadi ikawa kahawia iliyokolea, sukari yake huungana na ncha ile ya amino kwenye mkia wa laisini, na laisini iliyofungwa hivyo haimfaidii kuku tena, ingawa kipimo cha protini ghafi kitabaki vile vile. Rangi ya dhahabu inatosha. Mwaka jana niliwahi kulisha soya iliyoungua kwa sababu sikutaka kuitupa, na leo najua kwamba nilikuwa nimeshaitupa kikaangoni. Laisini ya unga, kwa upande wake, iko peke yake tayari, haingoji kukatwa na tripsini, na karibu yote hufyonzwa utumbo.

Nije kwenye malalamiko. Kifuko nilichopewa kilikuwa cha plastiki angavu, kimefungwa kwa moto wa mshumaa, na kilichoandikwa juu yake kwa kalamu ya wino ni jina la bidhaa tu. Hapakuwa na asilimia ya usafi, wala tarehe ya kutengenezwa, wala nchi ilikotoka. Nilipoomba kuuona mfuko wa kilo 25, niliambiwa umekwisha na kutupwa. Unga wenyewe ni chembechembe za rangi ya maziwa inayoelekea kahawia, zenye harufu hafifu, na rangi hiyo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo haiwezi kuwa kitambulisho. Nilichofanya ni kuyeyusha kijiko kimoja katika glasi ya maji. Laisini haidrokloridi huyeyuka kwa wingi sana, zaidi ya gramu 600 katika lita moja, hivyo maji yaliyobaki na mashapo meupe yanaonyesha kwamba kuna chokaa au wanga ndani. Tone la siki juu ya mashapo likitoa mapovu, ni chokaa. Glasi yangu ilikuwa safi. Kipimo hiki hukamata uchakachuaji wa kijinga tu, kwani hata chumvi ya mezani ingeyeyuka vile vile, na hakiwezi kuchukua nafasi ya lebo ambayo mteja ana haki ya kuiona.

Ushauri wa matumizi ulinisikitisha zaidi. Kijana wa dukani, mwenye adabu na aliyeonekana kuamini alichosema, aliniambia, "Mzee, weka kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita ya maji ya kunywa, utaona wanavyonenepa." Nilikipima kijiko changu nikapata gramu 11. Kuku hunywa maji ya uzito wa karibu mara mbili ya chakula anachokula, kwa hiyo kila kilo ya chakula ingeambatana na gramu 22 za unga, mahali ambapo hesabu yangu ilihitaji gramu 2.1. Ni mara kumi. Na kuzidisha huku si kupoteza fedha tu, kwa sababu laisini na arginini hugombana ndani ya mwili wa ndege: laisini ikizidi mno, figo za kuku huongeza kuvunja arginini, na kuku, ambaye hana njia kamili ya kutengeneza yurea waliyo nayo mamalia, hawezi kujitengenezea arginini ya kufidia. Mfugaji angeona ukuaji ukidorora, angedhani kipimo hakijatosha, na angeongeza kijiko cha pili. Laisini si dawa ya kunenepesha. Kama chakula chako tayari kina laisini ya kutosha, kwa mfano chakula kamili cha kiwandani kilichotengenezwa vizuri, hupati chochote kwa kuiongeza, na ningependa wauzaji waliseme jambo hilo kaunta.

Wapo wenzangu wanaosita kwa sababu wanaona hiki ni "kemikali". Nawaheshimu, na ninawaeleza kwamba unga huu hutengenezwa na bakteria aitwaye Corynebacterium glutamicum, aliyegunduliwa Japani mwaka 1956 na kundi la Shukuo Kinoshita katika kampuni ya Kyowa Hakko. Aina zake zilizochaguliwa zimepoteza breki inayowazuia bakteria wa kawaida kutengeneza laisini kupita mahitaji yao, hivyo hulishwa molasi au sukari ya wanga wa mahindi na kuimwaga laisini nje ya seli. Kwa kuwa ni kiumbe hai kilichoitengeneza, laisini hiyo ni ya umbo la L pekee, moja kati ya maumbo mawili yanayofanana kama kitu na picha yake kwenye kioo, na ndilo ribosomu hulikubali. China sasa ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote, na ushindani umeifanya bei ifikiwe na watu kama sisi. Haikuwa hivyo daima: mwaka 1996 kampuni ya Marekani ya Archer Daniels Midland ilikiri kosa la kupanga bei na washindani wake katika soko la laisini na la asidi ya sitriki, ikatozwa faini ya dola milioni 100.

Mbadala upo kwa aliye karibu na machinjio. Damu iliyokaushwa vizuri ina laisini nyingi, gramu 7 hadi 8 katika gramu 100, ila upungufu wake wa asidi amino iitwayo isoleusini humlazimu mtu aitumie kidogo, na ikikaushwa kwa moto mkali hupatwa na janga lile lile la soya iliyoungua. Dagaa ni bora kuliko vyote wanapokuwa safi. Wale niliouziwa kwa ajili ya kundi la pili niliwaosha kidogo kwenye beseni, na mchanga uliobaki chini ulinifanya nirudie hesabu yangu yote, kwa kuwa mchanga una uzito na hauna laisini.

Kwa anayechanganya chakula mwenyewe, mwenye mizani na asiyeogopa kugawanya, naipendekeza bidhaa hii bila kusita, kwa sharti la kuona lebo ya asili. Kwa kundi langu lijalo sitarudi kununua kifuko. Wafugaji wenzangu wanne wamekubali tuchange tununue mfuko mzima wa kilo 25 ukiwa bado na mshono wake wa kiwandani, tuufungue pamoja, na kila mmoja apimiwe kilo zake 5 mbele ya wengine, kiasi kinachonitosha mimi kwa makundi manne ya kuku 200. Lebo tutaipiga picha, kila mtu abaki nayo.